Goti limenyamaza, halijapona

Mechi ya ndondo, dakika za jioni. Winga anakimbia, anakanyaga ili ageuke, njumu zinang'ang'ania ardhi, mwili unazunguka, mguu unabaki. Goti linaingia ndani, kitu kinalia "tak", anaanguka. Hakuna aliyemgusa. Kabla daladala haijamfikisha nyumbani Igoma, Mwanza, goti limeshajaa kama nazi. Wiki ya tatu uvimbe umepungua, anatembea bila kuchechemea. Wiki ya tano anaomba namba. Wiki ya sita goti linaachia tena, safari hii akiwa peke yake na mpira, na linaondoka na kipande cha gegedu ambacho mwanzo kilikuwa kizima.

Kilichomponza ni kuhesabu maumivu. Goti likiumia, mambo matatu hupona kwa mwendo tofauti: maumivu, jeraha lenyewe, na misuli ya paja. Maumivu huwahi, siku hadi wiki chache. Jeraha huchukua wiki hadi miezi, na lingine haliungi kabisa bila upasuaji. Misuli huchelewa kuliko vyote, na hairudi yenyewe kwa kusubiri. Mtu akifuata maumivu peke yake atarudi uwanjani na paja lililosinyaa na jeraha bichi, akiamini amepona.

"Goti limeumia" ni majeraha mengi

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokaa juu ya mfupa wa muundi, na mbele yake kilegesambwa, kile kifupa cha mviringo, kinateleza kwenye mfereji wake. Mifupa hiyo haijaingiana vizuri kama ilivyo nyongani, kwa hiyo kinachoishikilia ni ligamenti nne, kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa: moja pembeni ndani, moja pembeni nje, na mbili zinazopishana katikati kama msalaba. Ile ya mbele katika hizo mbili ndiyo wachambuzi wa mpira wanayoiita ACL. Kati ya mifupa kuna meniska mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyogawa uzito na kupunguza kishindo. Halafu kuna kano kubwa inayotoka kilegesambwa hadi kwenye muundi, ambayo huvuta mguu unapopiga shuti.

Jinsi ulivyoumia na muda ambao goti lilichukua kuvimba husema mengi kabla ya kipimo chochote. Goti lililojaa ndani ya saa mbili mara nyingi limejaa damu, na katika mchezaji aliyegeuka mwenyewe akasikia mlio, mtuhumiwa wa kwanza ni ACL. Goti lililoanza kuuma leo na kuvimba kesho asubuhi linaelekea zaidi kwenye meniska. Aliyegongwa ubavu wa nje wa goti na sasa anaumwa ubavu wa ndani, uvimbe mdogo tu, huenda ameumia ligamenti ya pembeni ndani, na hiyo ndiyo yenye huruma kuliko zote: nyingi hupona bila kisu kwa wiki tatu hadi nane. Ligamenti ya msalaba ya nyuma haiumii sana kwa mpira. Hiyo huumia kwa kuangukia muundi huku goti limepinda, na ajali za bodaboda huleta nyingi.

Maneno mawili ya kumwambia daktari kwa usahihi: *linaachia* na *linakwama*. Goti linaloachia hukosa nguvu ghafla unapogeuka au unaposhuka ngazi. Goti linalokwama hukataa kunyooka kabisa, kana kwamba kuna jiwe ndani, na huenda kipande cha meniska kimejikunja kikaziba njia. Hilo linataka hospitali ndani ya siku, si wiki, kwa sababu kipande ambacho leo kinaweza kushonwa baadaye kitakuwa cha kukatwa. Meniska ina damu kwenye ukingo wa nje tu. Sehemu ya ndani haina, na isipokuwa na damu haiungi.

Usingoje ikiwa huwezi kukanyaga hatua nne, huwezi kupinda goti hadi nyuzi 90, kilegesambwa chenyewe kinauma kukigusa, au kichwa cha mfupa mdogo ulio nje chini ya goti kinauma. Hizo ni sababu za kupiga eksirei kuangalia kama mfupa umevunjika. Unyayo uliopoa, uliokufa ganzi au uliobadilika rangi ni dharura ya usiku huohuo. Kwa mtu wa Mwanza, hospitali yenye idara ya mifupa kama Bugando ndiyo mahali pa kwenda. Ila tuelewane: eksirei safi maana yake mfupa haujavunjika, basi. Ligamenti na meniska hazionekani kwenye eksirei. Watu wengi huambiwa "mfupa mzima", wakasikia "goti zima".

Siku tatu za mwanzo: acha kuchua

Kosa kubwa la siku hizi tatu hutendwa kwa upendo. Mama anachemsha maji, jirani anajua kuchua, dawa ya kupasha moto inapakwa, goti linasuguliwa mpaka machozi. Mishipa midogo ya damu iliyopasuka ndiyo kwanza inaziba. Joto huipanua, kuchua huifungua, na asubuhi uvimbe umeongezeka mara mbili. Kukanda kwa maji ya moto kusubiri baada ya siku tatu. Pombe nayo ikae pembeni.

Barafu ni rahisi kupata katika mji unaoishi kwa samaki. Ifunge kwenye taulo iliyoloweshwa, weka dakika 15, rudia kila baada ya saa mbili au tatu. Isiguse ngozi moja kwa moja. Barafu hutuliza maumivu. Haiharakishi kupona, kwa hiyo usilaze goti humo saa nzima ukidhani unaongeza dozi. Bandeji ya kuvutika ianzie chini ya goti iishie juu ya goti, izungushwe kutoka chini kwenda juu, na ifunguliwe wakati wa kulala. Vidole vikifa ganzi, umekaza mno.

Diklofenaki na ndugu zake huuzwa madukani kama pipi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo au pumu asizimeze kienyeji. Parasetamoli inatosha kwa wengi. Kumeza dawa ya maumivu ili ucheze ni kuzima king'ora huku moto unawaka. Sindano ya goti inayoondoa maumivu kwa siku mbili ni hadithi ileile, pamoja na hatari ya kudhoofisha kano.

Ukitumia gongo moja, lishike mkono wa upande *mzima*. Wengi hulishika upande mbovu, wakaishia kuinamia goti wanalotaka kulipumzisha.

Kwanza linyooke, kwanza paja liamke

Uvimbe ndani ya goti hufanya kitu ambacho wachezaji wengi hawakijui: huzima misuli ya mbele ya paja. Neva za goti lililojaa hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza paja inapungua hata kama mtu anataka. Majimaji kidogo tu yanatosha. Ndiyo maana paja husinyaa ndani ya wiki mbili, na ndiyo maana kulazimisha mazoezi mazito juu ya goti lililojaa hakujengi kitu.

Zoezi la kwanza halina jasho. Kaa sakafuni, miguu imenyooka, kunja kitenge kiwe kama chapati iliyoviringishwa, weka chini ya goti. Kandamiza kitenge kwa nyuma ya goti, hesabu hadi tano, legeza. Mara 10, kwa siku mara tano au sita. Sasa angalia kwa karibu, maana hapa ndipo watu hujidanganya. Weka vidole vinne juu kidogo ya kilegesambwa, upande wa ndani. Ukikaza, msuli pale lazima ugande kama unga uliokandwa vizuri, na kilegesambwa kipande kuelekea nyonga. Kikibaki palepale huku kalio linanyanyuka, umekaza kalio. Kaza miguu yote miwili kwa pamoja. Mguu mzima humkumbusha mwenzake.

Ikikubali, nyanyua mguu ulionyooka kwa sentimita 30 hivi. Goti likijikunja kidogo kabla kisigino hakijaondoka chini, paja halijaamka bado. Mpaka uweze mara 10 mfululizo bila mkunjo huo, magongo yasiwekwe uvunguni.

Sambamba na hilo, lirudishe goti linyooke kabisa. Weka kisigino juu ya mto uliokazwa, chini ya goti pasiwe na kitu, acha uzito wa mguu ulishushe taratibu. Dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Mto chini ya goti wakati wa kulala ni mtamu, na ni sumu: goti likizoea kukaa limepinda kwa wiki tatu, kulinyoosha huwa kazi ya miezi, na mtu huchechemea bila kujua kwa nini. Kupima ni rahisi. Lala kifudifudi, miundi ining'inie nje ya kitanda, mtu akutazamie visigino. Kila sentimita moja ya tofauti ya urefu ni kama nyuzi moja iliyopotea.

Na uvimbe wenyewe usikadiriwe kwa macho. Kaa umenyoosha mguu, paja limelegea. Kwa kiganja, futa ubavu wa ndani wa goti kutoka chini kwenda juu mara mbili tatu, kale kabonde kando ya kilegesambwa kabaki kamekauka. Kisha futa ubavu wa nje kutoka juu kwenda chini huku unatazama kabonde ka ndani. Kakijaa tena kwa wimbi dogo, maji yapo. Kakijaa kenyewe kabla hujagusa nje, ni mengi, na mazoezi ya kesho yapunguzwe. Ongeza kipimo cha futi ya fundi cherehani: mzunguko wa goti katikati ya kilegesambwa, na mzunguko wa paja sentimita 15 juu yake. Andika namba za miguu yote miwili kila Jumatatu.

Dumu la lita tano ni jimu

Hapa wengi hukosea kwa namna moja: hufanya mengi yaliyo mepesi. Kuchuchumaa mara mia bila uzito hujenga uvumilivu. Nguvu inataka mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita tano ni uzito unaojazwa kidogo kidogo, na wala halihitaji ada ya mwezi.

Anza na kuinuka kwenye kiti imara bila kushika, uzito sawasawa kwa miguu yote. Seti tatu za mara 10. Ikiwa rahisi, shika dumu kila mkono, anza na lita mbili, ongeza lita moja kila wiki. Kisha hamia kwenye ngazi: simama kwa mguu mbovu juu ya kipandio cha sentimita 10, ushushe mguu mzima mbele polepole kwa hesabu ya tatu, kisigino kiguse chini, rudi. Halafu sentimita 15, halafu 20. Mwishowe kiti kwa mguu mmoja. Kipimo cha uzito sahihi ni kwamba mara mbili za mwisho katika seti ya mara nane hadi 12 ziwe ngumu kweli. Siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati, kwa sababu msuli hujengeka ukiwa umelala.

Mwombe mtu akupige video ya simu kutoka mbele. Goti likidondoka ndani kuelekea dole gumba, kilegesambwa kinasukumwa pembeni na ligamenti inavutwa vilevile ilivyovutwa siku ya ajali. Punguza mzigo, elekeza goti juu ya kidole cha pili, na ongeza mazoezi ya kalio: lala ubavu, nyanyua mguu wa juu ulionyooka, mara 15. Kosa jingine video hulionyesha mara moja: mtu anainuka akiegemea mguu mzima bila kujijua.

Paja la nyuma lisisahauliwe, kwani ndilo linaloisaidia ACL kuuzuia muundi usitoke mbele. Lala chali, visigino juu ya benchi, nyanyua kiuno. Kwanza miguu miwili, baadaye mmoja. Kigimbi kifanyiwe kwenye ukingo wa ngazi, kupanda na kushuka mara 15, seti tatu. Waliochukuliwa kipande cha kano ya paja la nyuma katika upasuaji wa ACL wasubiri ruhusa ya daktari.

Maumivu wakati wa mazoezi yanaruhusiwa, hadi tatu kwa kumi, mradi yatulie ndani ya saa 24 na goti lisivimbe. Yakizidi, rudi hatua moja, usiache kabisa. Mapumziko ya wiki mbili hupoteza zaidi ya alichokiogopa mtu.

Kwa kulegeza mkunjo, baiskeli ya Phoenix yenye stendi pana ya nyuma ni mali. Ipandishe stendi kwenye sakafu tambarare kando ya ukuta, gurudumu la nyuma lining'inie, zungusha pedeli papo hapo dakika 10 hadi 20. Kiti kiwe juu kiasi kwamba pedeli ikiwa chini goti limepinda kidogo tu. Kiti cha chini hukandamiza kilegesambwa.

Milima, choo, swala, ziwa

Anayeishi juu ya mawe, Mabatini au Igogo, hana hiari ya ngazi. Panda kwa kutanguliza mguu mzima, shuka kwa kutanguliza mbovu. Kushuka ndiko kunakotesa paja, kwa hiyo mtu anayejivunia kupanda kilima wiki ya nne hajathibitisha kitu, mtazame akishuka.

Choo cha kuchuchumaa ni tatizo ambalo karatasi za hospitali hulisahau. Aliyeshonwa meniska kwa kawaida hukatazwa kupinda zaidi ya nyuzi 90 akiwa amebeba uzito, kwa wiki kadhaa. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinatatua jambo hilo kwa gharama ndogo, na kiandaliwe kabla ya siku ya upasuaji. Swala na ibada ya kupiga magoti ifanyike kwenye kiti kwa muda huo. Kwenye daladala omba kiti cha kando ya njia, mguu upate pa kunyooka.

Maji ni rafiki wa goti: ukisimama maji yakafika kiunoni, miguu inabeba kama nusu ya uzito wako, yakifika kifuani kama theluthi. Lakini ufukwe wa Ziwa Victoria una kichocho, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na kidonda kibichi hakipelekwi ziwani hata kidogo. Bwawa la kuogelea, baada ya mshono kufunga.

Chakula ni jambo fupi. Anayejenga misuli wa kilo 65 anahitaji kama gramu 100 za protini kwa siku, na dagaa wakavu takribani nusu ya uzito wao ni protini.

Nani apasuliwe

Si kila ACL iliyokatika inahitaji kisu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2010, wenye vijana 121 wanaopenda michezo, ulilinganisha waliopasuliwa mapema na walioanza mazoezi tiba kwanza, wakipasuliwa baadaye kwa hitaji. Baada ya miaka miwili matokeo yalilingana, na zaidi ya nusu ya kundi la pili hawakupasuliwa. Anayehitaji zaidi ni yule ambaye goti linaendelea kuachia baada ya mazoezi ya kweli, mwenye meniska inayoweza kushonwa, au anayetaka kurudi kwenye michezo ya kugeuka: mpira wa miguu, netiboli, kikapu. Wote hufaidika kwa kuingia chumba cha upasuaji na goti lililokauka na kunyooka. Linalopasuliwa likiwa limejaa na limekakamaa huelekea kubaki hivyo.

Ligamenti mpya hutengenezwa kwa kipande cha kano ya mtu mwenyewe, ya chini ya kilegesambwa au ya paja la nyuma. Na hapa fumbo la mwanzo linarudi kwa ukali zaidi. Kipande hicho hakikai na nguvu ileile. Kwanza hudhoofu, mishipa ya damu ikiingia na nyuzi zake zikipangwa upya. Wakati wake dhaifu ni takribani wiki ya sita hadi ya 12, ambapo mgonjwa hana maumivu, anatembea vizuri, na anajiona mzima kuliko siku zote.

Kurudi kwa vipimo

Kukimbia kunyoofu kusianze kabla ya wiki ya 12 baada ya upasuaji, na goti liwe kavu. Mechi isiwe kabla ya miezi tisa. Utafiti wa 2016 uliowafuatilia waliopasuliwa ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi wa tisa, ulipunguza kuumia upya kwa karibu nusu. Tarehe peke yake haitoshi lakini. Aliyekaa miezi tisa kwenye sofa hajafika popote.

Pima hivi. Kwenye kiti kinachopinda goti nyuzi 90, inuka kwa mguu mmoja: lengo ni zaidi ya mara 22 kwa kila mguu. Kisha ruka kwa mguu mmoja mbele, utue kwa mguu huohuo, ubaki umesimama sekunde mbili. Mara tatu kila upande, chukua wastani. Mguu mzima ukiruka sentimita 150, mbovu ufike angalau 135, yaani asilimia 90. Mruko unaotua ukiwa umenyooka kama mti haukubaliwi hata ukiwa mrefu, kwa sababu nyonga na kifundo vinaficha uvivu wa goti. Kumbuka pia kwamba mguu mzima nao umekaa bila mechi, na kulingana naye kunaweza kuwa kulingana na mgonjwa mwingine.

Soksi ya goti hupasha joto na kutia moyo. Haishiki ligamenti. Viatu vina maana zaidi: kwenye nyasi bandia kama za uwanja wa Nyamagana vaa njumu fupi na nyingi, kwani ndefu hung'ang'ania na goti ndilo linalolipa. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA, yale ya dakika 20 yenye kukimbia, nguvu, mizani na kutua, hupunguza majeraha yakifanywa angalau mara mbili kwa wiki. Makocha wengi huyakata yakabaki mizunguko miwili na kujinyoosha. Timu za wasichana ndizo zinazoumia zaidi na hatua hiyo, maana ACL za wanawake hukatika mara mbili hadi tatu kuliko za wanaume katika mchezo uleule.

Mechi ya kwanza iwe dakika 20 za mwisho, baada ya wiki kadhaa za mazoezi kamili na wenzake. Asubuhi yake, kabla ya chai, futi ipite tena katikati ya kilegesambwa. Ikizidi sentimita moja juu ya namba ya Jumatatu iliyopita, wiki hiyo ni ya baiskeli na dumu.